Nesi Bado Yuko Zamu

4 Februari

Kwa mdogo wangu, fundi seremala na mpelelezi wa mbwa,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa binti yenu. Mimi nipo, nakula, nakwenda kazini, presha haijapanda ingawa wewe umejitahidi. Jirani yangu mshonaji amenunua cherehani mpya na anakusalimu. Yeye ndiye atakayenisomea barua zako, kwa hiyo ukiandika upuuzi ujue unasikiwa na watu wawili. Zangu nachapa mwenyewe kwa mashine. Ukikuta makosa, ni ya mashine.

Utauliza kwa nini barua. Kwa sababu simu yako sipokei. Wiki iliyopita ulipopiga swichibodi ya hospitali ukajifanya mgonjwa, niliitambua sauti yako kabla hujamaliza kukohoa, ndiyo maana nikakuunganisha na mochwari. Nasikia walikuuliza unakuja kumchukua marehemu gani.

Sasa tuyaseme. Leo ni wiki ya tatu tangu umchukue Nesi. Miaka tisa mbwa yule amenitoa chumbani kwangu ghorofa ya tatu, ngazi sitini na mbili, akanivusha barabara mbili na mzunguko wa magari, akanifikisha kwenye kiti changu, akalala chini ya meza ya swichibodi mpaka saa kumi na moja. Manesi wenyewe ndio waliompa jina, kwa sababu alikuwa anawahi kuliko wao. Wewe ulikuja kunitembelea wiki moja tu. Siku ya tano tukarudi kutoka mzunguko wa magari goti lako limechubuka, ukampigia simu mkufunzi wa kituo cha mbwa waongozaji, ukamwambia Nesi amesimama katikati ya barabara bila sababu na nusura tugongwe na pikipiki. Mkufunzi akaja, akampapasa nyonga, akasema zimechakaa, na ushahidi wako ukamalizia. Amestaafishwa. Mimi sikusikia kosa lolote siku ile. Nilisikia Nesi amesimama na wewe umeanguka, basi.

Lakini nani atanisikiliza mimi? Mwenye macho ni wewe. Familia nzima inajua kwamba mimi nilirithi macho ya baba na wewe ukarithi ya mama, hujaacha kulisema tangu nilipopoteza kuona.

Mpe chakula mara mbili, asubuhi na jioni. Mifupa usimpe. Mkanda wake wa kazi, ule wenye mpini, ulimchukua akiwa nao mwilini. Mvue na usimvishe tena.

Ni mimi dada yako, ambaye hajakusamehe.


21 Februari

Dada,

Shikamoo. Hapa kwangu wote wazima. Binti amefaulu mtihani, wifi yako anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la mbao na ananilaumu mimi, kama kawaida ya wanawake wa familia hii. Jirani mshonaji, asante kwa kusoma. Tafadhali soma kama ilivyoandikwa, usiongeze chumvi.

Mochwari wana adabu kuliko wewe. Walinipa pole.

Ulitaka nifanye nini, dada? Nikae kimya mpaka nije kukuzika? Mbwa ana miaka kumi na moja. Wewe huwezi kukaa naye, kituo kimekwambia hivyo hivyo: ngazi hizo hawezi tena, na ukipewa mwingine hakuna nafasi ya mbwa wawili kwenye chumba chenye kitanda kimoja. Nina ua, nina kivuli, nikajitolea. Badala ya asante napata jina la mpelelezi.

Na huyo Nesi wako hana raha, nakwambia ukweli. Nilidhani atajinyoosha kwenye ua, afukuze kuku wa jirani, azeeke vizuri. Halali. Anakaa wima mlangoni tangu asubuhi kama askari wa benki. Binti alimrushia mpira, akautazama ukipita. Ikifika saa kumi na moja kamili anasimama, anatazama barabara, anasubiri, halafu anakaa tena. Nilimvua mkanda nikautundika ukumbini. Kesho yake nikaukuta mlangoni. Kauchomoa kwenye msumari kwa meno, kauburuta mpaka pale, kakaa pembeni yake.

Kuna kitu hujaniambia. Mbwa huyu anasubiri kitu, na mimi sijui ni nini. Uliishi naye miaka tisa, wewe unajua. Niambie, tumalize.

Mdogo wako.


10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mpe binti hongera ya shangazi. Kikohozi cha wifi hakitokani na vumbi la mbao, kinatokana na kuishi na wewe.

Nesi hana kitu. Ananikumbuka mimi, ndicho anachosubiri. Ulitegemea nini, kwamba angekuona wewe akasahau miaka tisa? Mwache mlangoni. Atazoea.

Huku sijazoea. Nikikaa kwenye swichibodi naingiza mguu chini ya meza kutafuta mgongo wake, na kila siku naipiga teke ndoo ya takataka. Juzi nilimwambia ndoo samahani, na daktari wa mifupa alikuwa amesimama pale anasubiri laini. Hakucheka. Afadhali angecheka. Nakwenda kazini na fimbo nyeupe, saa nzima kwa njia ambayo Nesi alinipitisha kwa dakika ishirini. Fimbo inaniambia nimeshagonga kitu. Nesi alikuwa ananiambia kabla. Watu walionisalimia miaka yote, sasa nagundua walikuwa wanamsalimia yeye.

Na siku mbili nimelala chini, kwenye mkeka wake. Jirani alinikuta. Nikamwambia mgongo unauma.

Mkufunzi amepiga simu kazini. Ana mbwa mwingine kwa ajili yangu, dume, miaka miwili, anasema ni mchangamfu. Nimemwambia simtaki. Akaniambia dada, nafasi haitakusubiri. Nikamwunganisha na anakostahili.

 

Dada yako.


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, usianze. Kidole cha shahada kilipata ajali ndogo ya kazi, kimeshonwa, kimepona. Msumeno wa umeme nimemwazima fundi wa mtaa wa pili, nimechoka na kelele zake. Siku hizi natengeneza vitu vidogo vidogo, viti, fremu. Wifi yako na binti wazima.

Nesi anakula sasa. Tena amenona kidogo. Asubuhi tunakwenda wote karakana, jioni tunarudi wote, ana shughuli na ana furaha, mkia haupumziki. Kwa hiyo huna haja ya kunichukia kwa ajili yake, tafuta sababu nyingine, hutazikosa.

Mchukue huyo mbwa mpya. Unajitesa bure na unataka sisi sote tukuone unavyojitesa.

Mdogo wako.


15 Mei

Wewe,

Wifi alinipigia hospitali jana. Yeye nilimpokea, kwa sababu yeye hajawahi kunidanganya. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei, eti ni sawa mbwa aliyestaafu kuvaa mkanda wa kazi kila asubuhi?

Kwa hiyo umemvisha. Nilikwambia usimvishe, na ukamvisha. Ulimfitini kwa mkufunzi kwamba ni mzee, ni hatari, hafai barabarani, ukaninyang'anya, kisha wewe mwenye macho yako mawili ya mama unamshika mpini unatembea naye mjini. Wa nini? Watu wakuonee huruma wakuachie njia? Wakupunguzie bei ya mbao? Nimekaa na hasira hii mchana kutwa, nikawa nakosea laini. Aliyetaka wodi ya wazazi nilimpa stoo ya dawa.

Nyonga zake zimekwisha. Mkufunzi alisema hivyo mbele yako. Kila hatua anayopiga akiwa na mkanda ule anaipiga kwa maumivu, na hatakwambia, kwa sababu hakufundishwa kusema. Alifundishwa kufanya kazi.

Nijibu kitu kimoja: mkanda ule unamvisha wa nini? Usinipe habari za kikohozi wala mitihani. Salamu zote za nyumba hii nimezizuia, nitazituma nikishajibiwa.


30 Julai

Dada,

Shikamoo. Jirani mshonaji, barua hii isome mpaka mwisho, kisha tafadhali jifanye hujaisoma.

Nimeianza mara sita tangu Mei. Wifi yako amezikuta mbili kwenye maranda ya mbao akazisoma, kwa hiyo sasa anajua, na sina tena sababu ya kukuficha wewe.

Ni macho ya baba. Presha ya macho, ile ile. Daktari ameshaniandikia dawa ya matone. Mbele naona, naweza kusoma, naona sura yako ukikaa mbele yangu. Pembeni hakuna kitu. Kushoto na kulia pamekwisha kabisa, ni kama natazama kupitia tundu la kitasa. Kidole nilikikata kwa sababu hiyo. Msumeno niliutoa kwa sababu hiyo. Nilianza kuhisi mwaka juzi, na nilinyamaza kama baba alivyonyamaza.

Sasa sikiliza habari ya mzunguko wa magari. Wewe ulikuwa umeshika mpini wa Nesi kwa mkono wa kushoto, mimi nimekushika mkono wa kulia. Nilitazama mbele, nikaona barabara tupu, nikakuvuta tuvuke. Nesi akakataa. Akapita mbele yetu akatukinga, kajilaza ubavu kwenye miguu yetu, na mimi nikazidi kukuvuta, nikajikwaa mgongoni kwake nikaanguka. Pikipiki ilitokea kulia, upande wangu. Sikuiona. Niliisikia honi ikiwa imeshatupita, nikahisi upepo wake usoni nikiwa nimepiga magoti. Mbwa hakukosea, dada. Nilikosea mimi, na yeye akatuzuia wote wawili. Wakati nafuta damu gotini niliogopa sana, na kabla hatujafika kwako nilikuwa nimeshaamua kwamba ni kosa lake. Mkufunzi alipouliza nikasema hivyo. Nikasaini.

Nilipomleta hapa, aligundua kabla ya mke wangu. Kuna kizingiti karakana, nilikuwa nakigonga kila siku. Asubuhi moja akasimama mbele yangu, ubavu mbele ya magoti, vile vile kama siku ile. Nikamwelewa. Nikaenda kuuchukua mkanda. Ungemwona, dada. Aliingiza kichwa mwenyewe. Yule mbwa aliyekaa mlangoni kama askari alinipeleka karakana mkia juu, na nikajiambia nimempa alichokuwa anakitaka.

Wiki iliyopita alilala katikati ya njia. Miguu ya nyuma ilikataa. Nilikaa chini pembeni yake, watu wakatuzunguka. Nilipogusa mpini ili nimvue, akadhani namwambia twende, akainuka. Anatetemeka miguu yote na akainuka. Tangu siku hiyo sijamvisha, lakini anauleta mlangoni, anakaa nao, analia. Sijui kumwachisha kazi. Nimejaribu kumwambia pumzika, lala, basi, acha, nenda. Haachi.

Nitukane utakavyo. Halafu niambie anachosubiri.

Mdogo wako.


9 Agosti

Mdogo wangu,

Jirani alisoma mpaka mwisho, akafunga mlango, akaenda kwake bila kusema neno. Miaka kumi tunaishi ukuta kwa ukuta, hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kunyamaza.

Nilikutukana kwa sauti peke yangu mpaka nikakaukiwa. Kwanza kwa ajili ya Nesi. Ulimtolea ushahidi wa uongo mbwa aliyekuokoa, na nikalala na mawazo miezi saba kwamba labda kweli alikosea, kwamba labda nusura aniue yule ninayemwamini kuliko ninyi nyote. Hilo sijalimaliza, na usifikiri barua hii ni msamaha. Pili kwa ajili ya macho. Baba alikataa dawa mpaka akawa anakwenda chooni kwa kushika kamba. Wewe ulimwona. Ulinicheka mimi na macho ya baba huku umeyabeba mwenyewe. Matone hayo utaweka kila siku, na wifi atanipigia kunithibitishia. Kilichobaki kinalindika. Changu hakuna aliyenilindia.

Sasa langu. Siku ile Nesi hakukosea. Siku nyingine alikosea, na nilizificha. Mwaka mzima kabla hujaja alikuwa anapitiwa. Aliniingiza kwenye kitoroli cha chakula cha wagonjwa. Aliikosa ngazi ya mwisho mara mbili, na mara ya pili nilivimba mguu nikawaambia manesi nimeteleza bafuni. Alikuwa anapumzika kila baada ya ngazi kumi na mimi nikawa najifanya nimechoka, ili asionekane ni yeye. Mkufunzi alipokuwa akiuliza hali, nilisema safi. Alipaswa kustaafu mwaka mmoja kabla. Ulisema uongo, na mimi pia nilisema uongo, na aliyelipa kwa nyonga zake ni yeye.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Uliniuliza Februari anasubiri nini, nikakwambia ananisubiri mimi. Nilikuwa najua si hivyo.

Kila jioni kwa miaka tisa, tukifika chumbani, namvua mkanda. Nautundika kwenye msumari, taratibu, ili asikie kishikizo kikigonga ukuta. Naweka vidole nyuma ya masikio yake yote mawili, nampandisha uso, namwambia, "Zamu imekwisha, Nesi. Kapumzike." Hapo anajikung'uta kuanzia pua mpaka mkia, na kuanzia dakika hiyo anakuwa mbwa mjinga kama mbwa wengine, anaiba soksi, anabingirika. Bila maneno hayo hajui kwamba kazi imekwisha. Alifundishwa hivyo akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyechagua maneno.

Siku uliyomchukua sikuyasema. Ulisimama mlangoni na funguo za gari la kuazima, ukaniambia dada tutachelewa, na nikakupa mpini akiwa na mkanda mwilini. Nilimkabidhi akiwa zamu. Yuko zamu mpaka leo, miezi saba, usiku na mchana. Niliijua sababu nilipopata barua yako ya kwanza, ya mlangoni na ya saa kumi na moja. Sikukwambia. Nilitaka aendelee kusubiri. Nikikaa kwenye swichibodi saa kumi na moja ikifika, nilikuwa najiambia sasa hivi anasimama, na moyo unatulia. Ndiyo roho mbaya niliyo nayo, ijue.

Kwa hiyo mvishe mara moja tu, uvuke naye ua kwenda na kurudi, polepole, asione umemtoa kazini kwa aibu. Halafu mvue, tundika, mshike masikio, mwambie. Usiseme kwa sauti ya kubembeleza. Sema kama unavyomwambia mtu aliyefanya kazi nzuri. Baadaye mkanda upeleke kituoni, usiurudishe nyumbani kwako.

Nakutumia fimbo yangu ya zamani. Kwako itakuwa fupi, wewe mrefu kama mlango. Iongeze kipande, si ndiyo kazi yako. Ukiona aibu kuishika, kumbuka umetembea miezi mitatu na mbwa mgonjwa ili usionekane na fimbo.

Mkufunzi amesema yule dume bado hajapata mtu. Nimekwenda kumshika kichwa. Ana masikio makubwa na hana akili yoyote. Nimesema ndiyo.

Salamu nilizozizuia Mei sasa nawatumia: wifi, binti, na yule asiyejua kusoma.

Dada.


24 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wifi anakusalimu na ameshakupigia kuhusu matone, kwa hiyo hilo sirudii. Fimbo imefika. Ni fupi kweli, nimeiunga kwa kipande cha mbao ya mninga, na mtaani wananiuliza kama nimeitengeneza ya kuuza. Nawaambia hapana, ni yangu. Nimelisema mara tatu mpaka sasa, mara ya tatu ilikuwa rahisi kidogo.

Bado nimekukasirikia. Miezi saba, dada. Nilikuwa nakaa naye pale mlangoni nikimwomba.

Nilifanya ulivyosema, jana mchana. Nilimvisha, tukavuka ua, tukarudi. Alitembea vizuri, kichwa juu, akanisimamisha mbele ya ndoo ambayo nilikuwa siioni. Nikamvua. Nikautundika mkanda, kishikizo kikagonga ukuta, na masikio yake yakasimama. Nikamshika, nikasema maneno yako kama yalivyo. Akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akajikung'uta kuanzia pua mpaka mkia, mpaka nusura aanguke. Akatoka uani. Akaichukua soksi ya wifi yako kwenye kamba, akaenda nayo kwenye rundo la maranda, akazunguka mara mbili akalala.

Nilibeba kigoda nikakaa karibu naye. Saa kumi na moja ilifika, nikamtazama. Alikuwa anakoroma. Ikapita, na hakuamka.

Mdogo wako.